Mke wa Orofa ya Juu

Katika likizo iliyopita binti mmoja anayesoma kwa masista alitujia na kitabu mkononi. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, kimechakaa, kurasa zake za mwisho zimeshonwa kwa uzi. Lakini hadithi yenyewe ni ya Uingereza, nayo yaitwa Jane Eyre. Akatuuliza: "Mwalimu, huyu Jane alifanya vizuri kumwacha mtu aliyempenda, au alikuwa mjinga tu?" Alisema kwamba huko bwenini wamegawanyika pande mbili juu ya neno hilo, na kwamba walio wengi wako upande wa bwana. Tulimwomba atuachie kitabu kwa siku chache. Tulikuwa tumekisoma zamani seminarini, kwa haraka, kama vijana wasomavyo, tukitafuta mahali penye moto na vicheko vya usiku. Mara hii tulikisoma polepole, kwa sababu siku zile zile tulikuwa na jambo lingine rohoni, ambalo tutalieleza mbele.

Yafaa kwanza tuseme hadithi za namna hii zilitoka wapi. Waingereza huziita hadithi za Kigothi, kwa jina la yale makanisa na majumba ya mawe ya zamani, yenye matao yaliyochongoka na minara mirefu. Mwaka 1764 Horace Walpole alitoa kitabu chake The Castle of Otranto, na baada yake wakaja wengi. Mambo yaliyomo ni yale yale: nyumba kubwa ya kale, mwenye nyumba aliye na siri, mlango usiofunguliwa, nyayo za usiku, mshumaa unaozimika. Na ndani ya nyumba hiyo yumo msichana asiye na baba wala mama, asiye na mali mkononi. Ann Radcliffe ndiye aliyewazidi wenzake wa wakati ule kwa kumtia msomaji hofu. Katika The Mysteries of Udolpho, kitabu cha mwaka 1794, msichana Emily apelekwa katika ngome ya milima ya Italia na mume wa shangazi yake, aitamaniye mali ya wanawake hao. Mizimu inayomtisha Emily mwishoni yaonekana si mizimu kabisa. Lakini yule mwenye ngome na tamaa yake ni kweli tupu, na sisi twaona kwamba hapo ndipo ilipo akili ya hadithi hizi. Msichana aogopa kivuli, kumbe hatari ni mtu anayekula naye meza moja.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kusoma vitabu hivi bila kukunja uso mara kwa mara. Waandishi wale walikuwa Waprotestanti wa Uingereza. Kwao Italia na Hispania ni nchi za giza, mmonaki ni mwuaji, na nyumba ya masista ni gereza. Matthew Lewis alikuwa na miaka 20 tu alipotoa The Monk mwaka 1796, nacho ni kitabu ambacho hatuwezi kumpa kijana yeyote. Msomaji akumbuke pia kwamba Wakatoliki wa Uingereza hawakuruhusiwa kuketi katika Bunge mpaka mwaka 1829. Hata hivyo tusikasirike upesi mno. Wakati wa kale walikuwako baba waliowatia binti zao katika monasteri kwa nguvu, ili urithi wote ubaki kwa ndugu zao wa kiume. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento, katika mkutano wake wa mwisho mwaka 1563, uliwatenga na Kanisa wale wote wanaomlazimisha mwanamke kuingia utawa. Mtaguso hautungi sheria ya kukataza jambo lisilotendeka.

Mwanamke mmoja mwenye kucheka vizuri, Jane Austen, aliziona hadithi hizi zikiwapumbaza wasichana, akaandika Northanger Abbey, kilichotolewa mwisho wa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Msichana wake Catherine, mwenye miaka 17, ameshiba vitabu vya Radcliffe. Apokelewa katika nyumba iliyokuwa zamani monasteri, afungua kabati usiku kwa mikono inayotetemeka, aona karatasi za siri. Asubuhi kumbe ni hesabu za dobi! Tena amdhania mwenye nyumba, mzee jenerali, kwamba alimwua mkewe. Aaibika sana. Lakini baadaye jenerali huyo, akisikia kwamba Catherine si tajiri kama alivyofikiri, amfukuza asubuhi na mapema, peke yake, bila mtumishi, safari ya maili 70. Basi Catherine alikosa juu ya damu, hakukosa juu ya mtu. Alitafuta ubaya mkubwa kama ule wa vitabuni, na ubaya uliokuwako ulikuwa mdogo, wa kila siku, wa kuhesabu fedha.

Sasa tuje kwa Charlotte Brontë. Alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana wa Haworth, kijiji cha Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Mama yake alikufa mwaka 1821. Mwaka 1825 dada zake wakubwa wawili, Maria mwenye miaka 11 na Elizabeth mwenye miaka 10, waliugua kifua kikuu katika shule ya mabinti wa wachungaji maskini, wakarudishwa nyumbani, wakafa, mmoja mwezi wa tano na mwingine mwezi wa sita. Kwa hiyo njaa na baridi ya shule anayoieleza kitabuni hakuibuni. Jane Eyre kilitoka mwezi wa kumi mwaka 1847, chini ya jina Currer Bell, ili watu wasijue kama aliyekiandika ni mwanamume au mwanamke.

Jane ni yatima anayelelewa na mke wa mjomba wake, naye hapendwi. Akiwa na miaka 10, siku moja baada ya kupigana na mwana wa nyumba, afungiwa katika chumba chekundu alimofia mjomba. Jioni yaingia, aona mwanga ukutani, alia afunguliwe. Yule mama amsukuma tena ndani na kugeuza ufunguo. Mtoto azimia. Tunamwomba msomaji akishike chumba hicho moyoni, maana tutakirudia.

Baadaye Jane awa mwalimu wa mtoto katika nyumba ya Thornfield, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Asikia kicheko kibaya kutoka orofa ya tatu. Wamwambia ni mtumishi mmoja, Grace Poole, anayeshona huko juu. Usiku mmoja kitanda cha bwana, Rochester, chawaka moto, na Jane amwokoa. Wapendana. Siku ya arusi, padri wa Kianglikana auliza kama kuna kizuizi, na mwanasheria mmoja asimama nyuma ya kanisa: bwana huyu ana mke, naye yu hai. Jina lake Bertha Mason, alimwoa katika Spanish Town, kisiwa cha Jamaica, yapata miaka 15 iliyopita. Amekuwa mwenda wazimu, naye ndiye anayekaa orofa ya juu.

Hapo ndipo laanza swali la yule binti wetu. Rochester hasemi maneno ya kipumbavu. Asema: baba yangu na kaka yangu walinitafutia mke mwenye mali, wakanificha ya kwamba mama yake alikuwa mwenda wazimu. Nimeishi na mateso tangu ujana. Yule aliye juu si mke kwa maana yoyote ambayo mtu aweza kuielewa. Wewe huna baba, huna ndugu atakayeona haya kwa ajili yako. Tukienda kuishi mbali katika nyumba ya Ufaransa ya kusini, nani ataumia?

Msomaji asidharau swali hilo, "nani ataumia?" Vijana wetu hulitumia kila siku, na watu wazima pia. Jane mwenyewe karibu ashindwe. Kitabu chaonyesha vizuri kwamba moyo wake wote wamtetea Rochester, hata akili yake yaanza kumgeuka. Lakini ashika jambo moja. Kwamba hana mtu wa kumwangalia si sababu ya kujitupa. Ndiyo sababu ya yeye mwenyewe kujiangalia zaidi. Tena aona kwamba sheria ya Mungu ambayo mtu aishika tu wakati haimgharimu kitu haina kazi. Usiku huo atoroka. Asahau kifurushi chake garini, alala porini, na siku ya pili aomba uji ambao msichana mmoja alikuwa akiutupia nguruwe.

Sisi twasema Jane alifanya vizuri, na twasema hivyo bila kusitasita. Mtakatifu Thomas afundisha kwamba dhamiri ni tendo la akili: ni akili inayoitumia elimu yake juu ya jambo linalotendeka sasa. Si joto la moyo. Moyo wa Jane ulikuwa na joto upande mmoja, na akili yake ikamwonyesha upande mwingine, naye akafuata akili kwa miguu yake miwili katika njia ya matope. Mabinti wa bwenini wadhani kwamba alichagua sheria badala ya mtu. Lakini kama angekaa angekuwa nani? Angekuwa mwanamke wa tatu au wa nne wa bwana aliyekwisha kuwachoka wengine. Na Rochester mwenyewe amesimulia jinsi alivyowachoka wale wa Paris, wa Italia na wa Ujerumani.

Lakini mtu atatuuliza: je, Rochester hakudanganywa? Ndoa ya hila ni ndoa kweli? Hili ni swali la haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1098, yasema kwamba mtu akiingia ndoa kwa kudanganywa, hila ikiwa imefanywa ili akubali, tena juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga sana maisha ya ndoa, amefunga ndoa bure. Na kanuni ya 1095 yasema kwamba asiyekuwa na matumizi ya kutosha ya akili siku ile ya kuahidi hawezi kufunga ndoa. Lakini wazimu unaokuja baadaye hauvunji kitu. Basi tuseme kesi ya Rochester ingefika mbele ya mahakama ya Kanisa. Wangesikilizwa mashahidi, angewekwa mtetezi wa kifungo cha ndoa, na yule mke angepewa mtu wa kusema kwa ajili yake. Labda Rochester angeshinda, labda angeshindwa. Alichofanya yeye ni kuwa mshtaki, shahidi, hakimu na askari wa gereza, yote peke yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ufunguo mfukoni.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule haikumsaidia. Kabla ya mwaka 1857 talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilipatikana kwa sheria maalumu ya Bunge tu, kwa gharama kubwa, na katika miaka yote hiyo wanawake wanne tu ndio walioipata. Wazimu usiopona haukuwa sababu ya talaka kwa Waingereza mpaka sheria ya mwaka 1937. Sisi hatuwasifu kwa hilo la mwisho, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tueleze lile jambo letu. Tumebadili mambo machache ili mwenyewe asijulikane. Baba mmoja wa upande wetu, mbatizwa, aliyefunga ndoa kanisani, ana mke aliyeugua akili tangu kumzaa mtoto wao wa mwisho. Alitujia jioni, akaketi muda mrefu bila kusema. Kisha akasema: "Mwalimu, naweza kumchukua mwingine? Huyu simjui tena." Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kutafuta wanawake. Tulimjibu kama tulivyofundishwa: ndoa haivunjwi na ugonjwa, uliahidi katika afya na katika ugonjwa, yeye bado ni mke wako. Akasema: "Ndiyo, Mwalimu," akaaga, akaenda zake. Nasi tulilala tumeridhika, kwa kuwa tulikuwa tumelinda sheria ya Bwana wetu.

Hatukumwuliza jambo moja: mke huyo analala wapi?

Swali hilo tulilipata kitabuni, nalo halikutuacha. Kwa maana tukisoma vizuri twaona kwamba watu wote wa hadithi hiyo wamshughulikia Bertha kama kizuizi. Mwanasheria amtaja kwa sababu yeye ni kizuizi. Jane aondoka kwa sababu yeye ni kizuizi. Nduguye Bertha, Richard Mason, alipokuja kumtazama aliumwa na kukatwa kwa kisu, akarudi siku ya arusi kuwa shahidi wa kizuizi. Hakuna anayepanda ngazi kumwuliza kama anaona baridi. Mwandishi amchora akitambaa kwa mikono na miguu, akikoroma kama mnyama. Hampi neno hata moja la kusema mbele yetu. Katika kitabu chenye maneno mengi vile, hilo si jambo dogo. Na Jane, aliyefungiwa katika chumba chekundu akiwa mtoto, aliyelia akizimia kwa hofu, asimama siku ile mbele ya mwanamke aliyefungiwa miaka 10, wala hakumbuki chumba chake.

Tusimwonee. Mara moja amkemea Rochester, akisema kwamba mwanamke yule hakujitakia wazimu, na kumchukia ni ukatili. Neno hilo latufurahisha kuliko mengi ya kitabu. Lakini ni neno la mara moja, kisha mazungumzo yarudi kwa mapenzi yao. Nasi twaongeza jambo ambalo msomaji wa Afrika aliona mapema kuliko msomaji wa London: Bertha ni mtu wa visiwani, mwana wa matajiri wa Jamaica, nchi ya mashamba ya watumwa, naye alileta pauni 30,000 katika ndoa. Mali ilipokelewa vizuri. Yeye mwenyewe alifichwa. Mwaka 1966 Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica, alitoa kitabu Wide Sargasso Sea, akampa mke huyo utoto, na jina lake la kwanza, na kinywa. Ilichukua miaka 119.

Mtu asiseme kwamba wakati ule hawakujua njia nyingine ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Katika mji wa York, jimbo lile lile la Charlotte, Waquaker walikuwa wamefungua mwaka 1796 nyumba iitwayo Retreat, ambamo wagonjwa walitunzwa kwa upole, wakapewa kazi ndogo ndogo na bustani, na minyororo ikaachwa. Rochester alikuwa na fedha za kutosha kununua bustani kumi. Kwa haki tuseme pia kwamba alikataa kumpeleka mkewe katika nyumba yake nyingine, yenye unyevu, ambamo angekufa upesi. Alimpa maisha, lakini hakumpa jua.

Kufungiwa huku hakukuwa mchezo wa waandishi tu. Kwa sheria ya Uingereza mali ya mwanamke aliyeolewa iliingia karibu yote katika mkono wa mumewe. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizoanza kuigeuza desturi hiyo. Wilkie Collins alijenga juu ya jambo hili hadithi yake The Woman in White, iliyotolewa gazetini sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1859 mpaka 1860. Mume mwovu ataka pauni 20,000 za mke wake Laura, ambazo zitamjia akifa. Basi mwanamke mwingine anayefanana naye afa na kuzikwa kwa jina la Laura, na Laura mwenyewe atiwa katika hospitali ya wazimu kwa jina la yule maiti. Kila akisema, "Mimi ni Laura," wauguzi waandika kwamba wazimu wake umezidi. Katika kitabu hicho hakuna mzimu hata mmoja; kuna karatasi za daktari zenye sahihi. Anayemtoa ni dada yake wa mama mmoja, Marian, ambaye mwandishi asema ana uso usio mzuri. Tumempenda Marian kuliko wote.

Na mwisho wa karne hiyo, mwaka 1897, Bram Stoker wa Irlandi alitoa Dracula. Hapa katekista hana budi kucheka kidogo. Profesa mzee wa Amsterdam atumia Hostia takatifu kuziba kaburi, na anasema ameruhusiwa kwa kuwa anayo indulgensia! Indulgensia si ruhusa ya kufanya jambo. Ni msamaha wa adhabu za muda za dhambi zilizokwisha kuondolewa, na watoto wetu wa Komunyo ya kwanza wajua hivyo. Lakini baada ya kucheka tulikutana na jambo la kulia. Mina, mwanamke mwema wa hadithi, avamiwa usiku kwa nguvu na yule mfu anayekunywa damu. Baadaye Hostia yagusa paji la uso wake, yamchoma, naye alia kwamba amekuwa najisi. Hapo mwandishi amekosa vibaya. Mtakatifu Augustino, baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliwaandikia faraja wanawake waliotendewa jeuri na askari, akafundisha kwamba usafi umo katika nia, na kwamba mwili hauupotezi kwa dhambi ya mtu mwingine ambayo nia haikuikubali. Katika nchi yetu, katika miaka hii ya vita, wako mama waliofukuzwa na waume zao kwa jambo ambalo hawakulitenda. Wale wanaowaita najisi wamefundishwa na Dracula, si na Augustino.

Turudi kwa Charlotte, kwa kuwa liko jambo juu yake ambalo Wakatoliki hupenda kulisikia. Mwaka 1842 alikwenda Bruxelles pamoja na mdogo wake Emily kujifunza Kifaransa. Mwaka 1843 alirudi huko peke yake kufundisha. Alikuwa mkali sana juu ya dini yetu, na barua zake zatuchoma. Lakini likizo ya mwaka huo shule ilibaki tupu, akatembea mabarabarani siku nyingi kwa upweke, na siku moja aliingia kanisa la Mtakatifu Gudula saa ya maungamo. Akapiga magoti. Alipomwambia padri kwamba yeye ni Mprotestanti, padri akasema hawezi kupata neema ya maungamo. Alipozidi kuomba, akamsikiliza. Kisha padri akamwalika aje nyumbani kwake apate mafundisho. Charlotte hakwenda, akamwandikia Emily habari hiyo na kumwomba asimwambie baba yao. Miaka 10 baadaye alitia jambo lile lile katika kitabu chake Villette. Mwandishi aliyewadharau mapadri wetu hakusahau kwamba mmoja wao alifungua dirisha dogo la kitubio na kumsikiliza mgeni. Padri yule hakutoa absolusio, kwa kuwa hakuweza. Alitoa sikio.

Liko pia jaribu la pili la Jane, ambalo mabinti hulipita upesi, nasi tungetaka wasilipite. Baada ya kutoroka apokelewa na ndugu wawili na kaka yao, mchungaji St John Rivers, mtu safi, mwenye bidii, anayetaka kwenda misioni ya India. Huyo amwomba Jane awe mke wake, bila kumpenda, kwa kuwa misioni yahitaji mwanamke mwenye nguvu za kufanya kazi. Asema kwamba kumkataa yeye ni kumkataa Mungu. Jane akubali kwenda kama dada na msaidizi, akataa kuwa mke. Katika gazeti la misioni yatupasa kusema wazi kwamba alifanya vizuri tena. Mungu huita, wala hatumii sauti ya mtu anayemfinya mkono msichana. Tumewahi kuona wazazi waliomsukuma binti yao utawani ili jina la ukoo lipande, na wengine waliomvuta kutoka utawani ili mahari isipotee. Pande zote mbili husema kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu.

Kitabu chaisha kama wengi wajuavyo: Bertha awasha moto nyumba, Rochester apanda juu ya paa kumwokoa, yeye aruka na kufa; bwana apoteza mkono mmoja na macho. Jane arudi na kuolewa naye. Mabinti hufurahi. Sisi tuliona kwamba siku pekee ambayo Rochester alipanda kumfuata mkewe kwa wema ilikuwa siku ya kifo chake.

Basi tulikwenda kwa yule baba. Mke wake alikuwa katika nyumba ndogo ya nyuma, mlango una kufuli, na chakula alipewa dirishani na binti yake mkubwa. Baba hakukasirika kutuona; aliona haya. Akasema: "Mwalimu, nikifungua ataingia mtoni. Nikishinda naye, nani atalima mihogo? Na wewe uliniambia nisioe." Tulikosa jibu, kwa kuwa neno lake la mwisho lilikuwa kweli. Tulikuwa tumempa nusu ya amri na kumwachia nusu nyingine peke yake.

Alifungua. Mama alikuwa ameketi pembeni, akatutazama, akatusalimu kwa jina letu, akaomba sabuni.

Sasa mama wa Legio ya Maria huenda wawili wawili, siku tatu kwa juma, wakati baba yuko shambani. Juma la kwanza waliketi nje ya mlango, kwa hofu. Sasa huketi naye chini ya mwembe, wakimenya maharagwe, na siku nyingine yeye humenya, siku nyingine huyamwaga. Mwuguzi wa zahanati alikuja kumwona, akasema ugonjwa huo una dawa na ya kwamba dawa iko mjini. Safari ya mjini bado haijafanyika, kwa sababu ya njia na ya fedha. Usiku kufuli bado lafungwa. Yule binti alikuja kuchukua kitabu chake siku ya kurudi shuleni, nasi tukamwambia kwamba Jane alifanya vizuri. Akasema alijua tutasema hivyo. Kisha akauliza, kama yeye angekuwa Jane, na asubuhi ile ya arusi iliyovunjika mlango wa juu ungali wazi, je, ingempasa kuingia na kumsalimu yule mama kabla ya kukimbia?